Nguo za Shukrani kwa Nyonga Yangu

Kitambaa cha kushukuru uponyaji wangu kililetwa siku ya nne baada ya sindano. Nilikuwa nimelala chali, mguu wa kushoto umeinuliwa juu ya mto, na akina mama wawili wa kwaya wakaliweka bunda zima la vikwembe kitandani, pembeni ya mguu, kwa sababu chumba chetu hakikuwa na mahali pengine. Kikwembe ndivyo sisi wa Kongo tunavyokiita kitenge. Hiki kilikuwa cha samawati, chenye ndege weupe. Mama mmoja akasema amewachagua ndege kwa kuwa na mimi nitaruka. Mwenzake akamwambia anyamaze, fundi asije akaruka kabla hajamaliza kushona. Wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana ndivyo ninavyofanya nisipojua la kusema.

Fundi ni mimi. Nashona tangu nilipoacha shule baada ya darasa la saba, na wateja wangu karibu wote ni akina mama wa kanisa letu, watu waliotoka upande wa Bukavu na Uvira kama sisi, wanaoishi huku Kampala, upande wa Ggaba, katika vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kwamba nguo za kushukuru kupona kwangu nizishone mimi mwenyewe. Ajabu niliiona mimi, na sikuisema.

Kanisani kwetu shukrani hutangulia. Mtu akienda kujifungua, akienda kupasuliwa, akiitwa kuhojiwa kwenye ofisi ya wakimbizi, shukrani hupangwa kabla hajatoka nyumbani. Kwaya huchagua kitambaa, kila mama huchukua kipande chake, na siku ikifika wote huvaa sare. Kushukuru baada ya kuona, wanasema, hata mpagani anaweza. Nimekulia katika desturi hiyo na siidharau. Niliwahi kushona nguo za shukrani mama mwenyewe akiwa bado hospitalini na mtoto tumboni, na mtoto akatoka salama, nikajiona na mimi nimesaidia kumvuta.

Lakini mfupa wangu haukuwa mtoto wa kuzaliwa. Hilo nililijua, kwa sababu daktari alinilazimisha kulisema kwa mdomo wangu.

Nina sikoseli, ugonjwa wa damu ambao mtu huzaliwa nao. Chembe za damu hujikunja kama mundu, zikakwama njiani, na pale zilipokwama panauma. Nimeuzoea tangu utotoni kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi. Nilipofika miaka kumi na minane, nyonga ya kushoto ikaanza kuuma kwa namna nyingine. Maumivu ya siku zote huja na kuondoka. Haya yalikuja yakakaa. Nilikuwa nashonea cherehani ya kukanyaga, na ikafika siku mguu ukakataa kukanyaga. Picha ilionyesha kwamba kichwa cha mfupa wa paja, pale kinapoingia kwenye nyonga, kimekosa damu na kimeanza kufa.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu wa Kampala, lakini Kiswahili alikijua vizuri kwa sababu baba yake alikuwa askari. Alikuwa kwenye utafiti na wenzake, na ndiyo maana sindano ile hatukuilipia. Alinichorea kwenye karatasi. Watatoboa mfupa wa kiuno kwa nyuma, wavute uboho wangu, wauzungushe kwenye mashine mpaka zibaki zile chembe changa zinazoweza kujenga mfupa, kisha wazipeleke kwenye sehemu inayokufa. Alieleza polepole, halafu akaweka kalamu chini akasema, “Sasa niambie wewe. Hii sindano itafanya nini?”

Sipendi kuulizwa mbele ya watu. Mama alikuwa amekaa kulia kwangu, muuguzi mlangoni. Nilisema itaniponya nyonga. Daktari akasema hapana, jaribu tena. Tulirudia mara nne kama darasani, mpaka nikasema yote: kwamba huenda maumivu yakapungua, huenda mfupa usibomoke haraka, huenda pia lisitokee lolote, kwamba mfupa uliokwisha kufa hauinuki ukawa mpya, kwamba ugonjwa wa damu utabaki vilevile na vidonge vyangu vya kila siku nisiviache, na kwamba siku moja naweza kuhitaji nyonga ya chuma. Nikaweka sahihi, polepole, herufi moja moja, naye akaningoja.

Mama yangu alisikia kila neno. Alipopewa nafasi ya kuuliza, aliuliza swali moja tu: kwa nini wasichukue uboho wake yeye, maana yeye ni mzima? Daktari akamwambia hiyo ni tiba nyingine, nzito na yenye hatari zake, na si hii. Mama akaitikia kwa kichwa. Tukaondoka kurudi nyumbani. Tulipofika Kabalagala akanishika mkono akasema, “Papa, Mungu amefungua mlango.” Kwetu mama humwita mtoto wake wa kiume papa. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani akatangaza kwamba mtoto wake anapokea mfupa mpya na damu mpya. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anatanguliza shukrani.

Basi nikalala na mguu wangu na vitambaa vyao. Wiki sita sikuruhusiwa kukanyagia mguu ule hata kwenda chooni, na choo chetu kiko nje, ng’ambo ya mfereji. Mama aliniazimia cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha, akaiweka juu ya ubao uliovuka kitanda. Mkono wa kulia ukizungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Ni kazi ya taratibu, na mishono mirefu huchosha bega. Nguo zilikuwa ishirini na kitu. Kila mama alileta nguo yake ya zamani iwe kipimo, kwa sababu wanajua siwezi kumzungushia mwanamke futi kiunoni bila kutetemeka.

Walikuja mmoja mmoja, na kila aliyekuja alikaa kwenye ukingo wa kitanda, maana kiti kilikuwa kimoja na juu yake palikuwa na pasi. Waliniletea ndizi za kuiva, sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa kwetu, na maji ya baraka. Mmoja alinigusa nyonga kwa vidole viwili, kama mtu anayepima mkate, akasema, “Unasikia? Kuko moto. Ni mfupa inaota.” Kulikuwa na moto kwa sababu nilikuwa nimelalia chupa ya maji ya moto. Mwingine, mnene na mcheshi, aliniambia nimpanulie mikono ya nguo, kwa kuwa siku hiyo atanibeba mgongoni kuzunguka kanisa. Nikamwambia basi nitashona mara mbili kwapani. Alicheka mpaka kitanda kikatikisika, na nyonga ikanijibu kwa maumivu yaliyoshuka hadi gotini. Nikaendelea kutabasamu.

Nataka kueleza ilivyokuwa, lakini ni vigumu. Hakuna aliyenifungia. Mlango ulikuwa wazi kutwa, nilimwona muuza mkaa na watoto na kuku. Lakini kila nguo niliyoimaliza ilikuwa kama nimekubali tena kwamba nimepona. Nikikunja shingo, nimekubali. Nikibana kiuno, nimekubali. Ningeweza kusema ukweli siku ya nne, bunda lilipoletwa. Baada ya nguo ya tano ilikuwa vigumu zaidi, na baada ya ya kumi sikuona tena pa kuanzia, kwa sababu wangeuliza zile kumi nilizishona nikiwaza nini.

Mwezi wa tatu baada ya sindano nilirudi kupigwa picha. Nilikuwa natembea kwa magongo mawili. Maumivu ya usiku yalikuwa yamepungua. Niliweza kulala ubavu, jambo ambalo sikulifanya mwaka mzima. Nikitembea, uchungu ulikuwa uleule. Daktari aliziweka picha mbili kwenye mwanga, ya zamani na mpya, akaziangalia kwa muda mrefu, akasema mfupa haujabomoka zaidi ya ulivyokuwa. Akasema kwake hiyo ni habari njema, ndiyo tuliyoitarajia, na kwamba tungoje tuone mwaka unasemaje. Nilifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, ya kiasi chake, na ningependa kwenda nayo nyumbani ilivyo. Lakini mama alikuwa na mimi, naye alisikia neno “njema” tu. Kufika jioni siku ya shukrani ilikuwa imeshawekwa: Jumapili mbili mbele.

Nguo za kipimo za mwisho zililetwa haraka. Mmojawapo wa walioleta alikuwa mama mmoja anayeuza dagaa pale mwaloni Ggaba, ufukweni mwa ziwa, na alikuja na binti yake wa miaka minane hivi. Nilimfahamu yule mtoto kwa kumwona tu. Sisi wa sikoseli tunajuana kwa macho: macho yake yalikuwa ya manjano, manjano kuliko nilivyoyaona mara ya mwisho. Alikaa chini akazishika chaki zangu, akachora ndege kwenye sakafu, akawa kila mara anaacha kuchora na kuufumba mkono, kuukunjua, kuufumba.

Nilikuwa na pini mdomoni. Mama yake alikuwa akinieleza modeli anayoitaka, shingo ya mraba, halafu bila kubadilisha sauti akasema mtoto ameacha vidonge tangu mimi nilipodungwa. Kliniki pia wameacha. Alisema amemwona mwanamke mmoja wa Kyambogo anayeuza unga wa chembe changa, kwenye vipakiti, wa kukoroga na maji. Huo utamshikilia mtoto na kumsafisha damu mpaka wao pia waitwe kwenye sindano. Vidonge vinachafua, ndivyo alivyoambiwa. “Kama weye, papa. Mama yako alisema hata damu imegeuka.”

Pini zilikuwa mdomoni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa usiku ule, na si sababu. Ningeweza kuzitema. Nilitikisa kichwa, kutikisa ambako si ndiyo wala siyo, nikachora mraba wa shingo kwenye kitambaa. Wakaondoka, mtoto ameshikwa mkono unaouma.

Nilimwambia mama yangu kwanza. Alikuwa anachambua mchele. Nilisema yule mtoto ameacha vidonge kwa ajili yangu, na lazima mtu amwambie mama yake kwamba sijapona. Mama hakunyanyua uso. Aliniuliza kama nimewahi kumsikia Mungu akimaliza kazi na kumpigia mtu simu kumjulisha. Nikasema mama, mimi nakunywa vidonge kila asubuhi, wewe mwenyewe unaniletea maji. Akasema hiyo ni siri ya nyumba. Mimi nikafikiri mazungumzo yameisha, maana kwetu mtoto hamjibu mama mara ya tatu. Lakini yeye aliendelea, kwa sauti ya chini sana.

“Nilifukia watoto wawili wa ugonjwa huu kabla yako,” alisema. “Niliwafukia na vidonge vyao. Usiniambie habari ya vidonge.”

Nilijua kwamba walikuwapo wawili kabla yangu. Sikuwahi kusikia akiwataja. Nikarudi kitandani kwenye cherehani. Siku tatu nilizungusha mkono ule, na ile nguo ya shingo ya mraba niliipitisha chini ya nyingine zote, niishone mwisho. Nilifikiri nisipoimaliza, hatakuja. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote.

Alikuja Ijumaa, peke yake, mikono inanuka dagaa. Nguo ilikuwa tayari kwa sababu mama aliiona chini ya rundo akanihimiza. Nilimwuliza mtoto yuko wapi. Amelala, alisema, mikono imevimba kidogo, ni unga unafanya kazi. Alinyoosha mkono kupokea nguo. Nikaishikilia. Yeye akavuta kidogo, akidhani natania.

“Mama,” nilisema, “damu yangu ni ileile. Haikugeuka.”

Akaniambia nisiseme hivyo, ulimi unafunga baraka. Nikavuta kopo langu chini ya mto nikalifungua nikamwonyesha. Nilimwambia nimekunywa leo, nimekunywa jana, na hata siku ile ya sindano nilikunywa. Nilimwambia sindano ni ya mfupa mmoja tu, tena mfupa wenyewe haukuota, haujabomoka, basi. Nilimwambia unga wa vipakiti siujui, lakini daktari aliyenidunga hakunipa unga wowote. Sikumbuki kama niliwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mmoja. Nilisema nikiangalia pindo la ile nguo.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua bei ya kitu:

“Sasa nguo hizi unashona za nini?”

“Zililetwa,” nilisema.

Aliniangalia. Nilitamani anitukane. Alichukua nguo yake, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye beseni lake juu ya mizani, akatoka. Mlangoni alipishana na mama yangu, na wote wawili hawakusalimiana, kwa hiyo nikajua mama alikuwa amesimama pale nje na amesikia.

Mama aliingia akaweka ndoo chini. Alianza kufuta sakafu pale palipokuwa bado na alama za chaki, ingawa hapakuwa na haja. “Umemwambia,” akasema. Nikasema ndiyo. Akafuta tena. “Na miye Jumapili niambie kanisa nini?” Nikalirudisha kopo chini ya mto.

Jumapili walivaa wote. Sijawahi kuziona nguo zangu nyingi kiasi kile mahali pamoja. Nyingine zilikuwa zimekaa vizuri sana, na moja ilikuwa imepinda begani, na niliitazama hiyo ibada nzima. Mimi nilikaa mbele na shati la kitambaa kilekile. Mwenyekiti wa kwaya alinong’ona niache gongo moja nje, angalau moja, kwa ajili ya wageni. Nilikaa na yote mawili. Nilihesabu migongo ya samawati, nikarudia. Mama muuza dagaa hakuwepo.

Ulipofika wakati wa ushuhuda, mama yangu alisimama. Kwa kawaida mama akisimama, mchungaji huangalia saa. Siku hiyo alisema anawashukuru waliomwombea na madaktari waliohangaika, kwamba mtoto wake analala ubavu sasa, na kwamba waendelee kuomba kwa sababu safari bado. Akakaa. Watu walingoja kidogo, kama wanaongoja mzigo wa pili ushushwe. Kisha yule mama mnene akapiga kigelegele na ngoma ikaingia, na wimbo ukafunika. Walinivuta nizunguke nao na sadaka. Nilizunguka kwa magongo katikati ya ndege weupe, wakinipigia makofi kila hatua, na kila hatua iliuma, nami nikatabasamu mpaka mashavu yakachoka. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mpaka leo wapo wanaonionyesha kwa wageni.

Siku ya kliniki ya sikoseli ilikuwa katikati ya wiki ileile. Nilikwenda kuchukua vidonge vyangu. Benchi lilikuwa limejaa, na mwishoni, karibu na ukuta, nikamwona mama muuza dagaa amekaa na mtoto mapajani, miguu ya mtoto ikining’inia kwa kuwa alikuwa mkubwa wa kupakatwa. Mikono ya mtoto ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chenye joto. Sikujua kama nimfuate au nisimame mbali. Palikuwa na nafasi moja, na ilikuwa kando yake, basi nikaketi.

Hakunisalimu. Wakaitwa watu watatu au wanne. Halafu akasema, akiangalia mbele, kwamba wamemgombeza. Walimwambia damu ya mtoto imeshuka, na leo huenda wakamlaza. Alisema hakuwaambia habari ya unga, angewaambiaje? Nikamwambia awaambie, wajue kilichomo tumboni mwa mtoto. Akasema atawaambia. Mtoto aliniangalia kwa yale macho, akaangalia magongo, akamwuliza mama yake kama na mimi nalazwa.

“Inauma?” mama yake akaniuliza. Alikuwa anaonyesha nyonga kwa kidevu.

Nilianza kutabasamu, kisha nikaacha. “Inauma,” nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Muuguzi akaita jina la mtoto. Akasimama naye kwa shida, akatazama huku na huku, akaniwekea mfuko wake mapajani nimshikie, wakaingia.